Kaboni Inayotoka kwa Mate

Katika duka moja la vifaa vya michezo hapa Kakamega, nilimkuta mama mmoja akichagua ubao wa raketi ya tenisi ya meza, ule mtupu ambao bado haujabandikwa raba. Alitaka wa kushambulia, wenye kasi. Aliugonga kwa kidole, akauweka sikioni.

"Mbona unalia kama mwiko?"

"Madam, hiyo ni moto," muuzaji akasema. "Ona huo mstari mweusi hapo kando. Iko na kaboni ndani. Hiyo ndiyo inafanyanga mpira uende mbio."

 Mama alilamba kidole gumba, akasugua ule mstari, kisha akamwinulia kidole mbele ya macho. Kilikuwa cheusi, na ule mstari umefutika.

Muuzaji hata hakupepesa macho. "Si kaboni ni makaa? Makaa lazima ichafue mkono."

"Basi pikia nayo chai," mama akasema, akatoka.

Jumapili, bwana mmoja anayetaka kura zetu alipita mtaani kwetu Amalemba, akijisifu kwamba yeye ni mtu wa kasi. Alinyoosha mkono anisalimie. Nikalamba kidole gumba kwanza.