Dadu ya Kumwita Mosonik

Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, Aron Kipkosgei alikuwa miongoni mwa wanaume waliobeba jeneza la Kiplangat Koech kutoka barabarani hadi shambani kwao, nje kidogo ya Mogogosiek. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na njia kati ya majani chai ilikuwa na utelezi. Figo ndizo zilizomwua Kiplangat. Hakuacha mke wala mtoto.

Aliacha Mosonik.

Mosonik ni mwindaji ambaye hakuwahi kuwapo. Kiplangat alimtunga miaka sita iliyopita kwa ajili ya mchezo unaochezwa katika stoo ya duka la dawa za mifugo, wachezaji wakikalia magunia ya chakula cha ng'ombe kuizunguka meza. Kila mchezaji humsemea mhusika wake. Mmoja, msimamizi, husimulia dunia wanamoishi wahusika hao, na pale ambapo hakuna ajuaye kitakachotokea, dadu hutupwa. Kitabu cha kanuni kina kurasa zaidi ya mia tatu za Kiingereza kigumu. Msimamizi ni Aron. Siku za wiki hufundisha hesabu katika shule ya upili ya kutwa, na wenzake mezani hawakumbuki akiamua jambo bila kufungua kitabu.

Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi, alikifungua. Kanuni inasema mhusika huishi kwa kinywa cha mchezaji wake. Wanjuhi, mwenye duka, alidai maneno hayo yanawahusu wachezaji wanaoacha mchezo kwa hiari, na kwamba Mosonik angeweza kurithiwa. Aron alisoma ukurasa huo, kisha akausoma tena.

"Kinywa kimefungwa," alisema. "Mosonik amekufa."

Nelvine, mchezaji wa tatu, ambaye hupima damu katika zahanati, alilia. Wanjuhi akatoka kwenda kumhudumia mteja aliyetaka dawa ya kupe, na hakurudi haraka.

Hata hivyo kitabu huwaachia wahusika waliokufa mlango. Mchezaji mpya anapoingia, majina yao huitwa, na atakayeitika hurudi na kuwa mhusika wa huyo mgeni. Mfu huitikaje? Kitabu hakisemi. Zamani Aron aliziba pengo hilo kwa jambo aliloliona nyumbani. Mtoto wa Kipsigis akizaliwa, akina mama huita majina ya jamaa waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka mtoto apige chafya. Jina lililoitwa wakati huo ndilo lililoitika, na ndilo kurenet yake, jina la mfu aliyerudi kwake. Mezani, dadu hutupwa mara moja kwa kila jina. Sita ni chafya.

"Nyinyi mnangoja chafya?" Wanjuhi aliwahi kuwacheka. Yeye ni Mkikuyu; babu yake alihamia Londiani kutoka Murang'a. "Sisi kwetu foleni inajulikana. Kijana wa kwanza ni jina la babu yake, maneno yamekwisha."

Kiplangat ndiye aliyecheka zaidi siku hiyo, na ndiye aliyesema kanuni ibaki.

Mwezi wa Mei mke wa Weldon, kaka yake Kiplangat, alijifungua mtoto wa kiume. Mama yao aliita jina la Kiplangat, akangoja, akaliita tena. Mtoto alilala tu. Aliitika jina la babu mmoja ambaye hakuna aliye hai anayeikumbuka sura yake. Siku chache baadaye Nelvine alimwambia Weldon kwamba hata mezani majina huitwa.

Weldon hukama ng'ombe, huchuma chai, na mchezo huo alikuwa akiuita utoto. Jumamosi iliyofuata alisimama mlangoni mwa stoo akiwa na gambuti zenye tope.

"Mimi sijui mchezo wenu," alisema. "Nataka tu mumwite."

"Ukiingia, unaingia kama mchezaji," Aron alimwambia.

"Basi nimeingia."

Alipewa dadu. Aron akamruhusu kuanza na jina alilotaka. Weldon aliita, "Mosonik," kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde, akatupa.

"Tano," alisema Nelvine.

"Tano iko karibu."

"Karibu si sita, Weldon," alisema Aron.

"Mwalimu, wewe umeona wamama wakiita. Mtoto akichelewa wanafanya nini?"

Aron alifungua kitabu, Weldon akaendelea:

"Wanaleta ugoro. Kidogo tu, hapa puani. Na hakuna mtu husema hiyo chafya ni ya uongo. Niongezee moja."

"Kitabu hakina ugoro."

"Na chafya ilikuwa kwa kitabu?"

"Hapo umeshikwa, Mwalimu," alisema Wanjuhi. "Hata Farao alikuwa anasikia mara moja moja."

Aron alikifunga kitabu. Weldon alikuwa amesema kweli: mtu aliyechukua nusu ya desturi hana haki ya kuikataa nusu nyingine. Lakini ugoro ukishawekwa puani hauchagui jina. Unafanya kazi kwa jina lolote litakalofuata, na jina lililopita limepita mpaka mengine yote yaitwe.

Hivyo ndivyo alivyoamua. Moja ingeongezwa kwa kila mtupo, kuanzia mtupo uliofuata.

"Kuanzia unaofuata," Weldon alirudia.

"Ndiyo."

Jina lililofuata lilikuwa Karani, mtoza ushuru mwizi aliyetungwa na Wanjuhi, ambaye alizama mtoni na gunia la sarafu mgongoni. Weldon aliliita kwa sauti ndogo. Dadu ikatulia kwenye tano. Kwa ugoro, ikawa sita.

"Ngai! Huyo hata mimi simtaki," alisema Wanjuhi. Hakuna aliyecheka.

Weldon aliitazama dadu. "Hata hapa hakuitika," alisema.

Akiulizwa kama angeweza kuamua vingine, Aron husema ndiyo, kitabu kisingemzuia. "Lakini hapo ningekuwa nimeitika mimi," husema, "na Weldon angejua ni mimi."

Mosonik ataweza kuitwa tena mchezaji mwingine mpya akija. Tangu mchezo huo uanze, Weldon ndiye mpya wa kwanza. Jumamosi ijayo saa nane wataanzia pale Karani anapotoka mtoni, na Weldon ndiye atakayemsemea. Amesema atafika akishapeleka maziwa.