Machibya na Majina Kumi na Moja

Uwanja wa tenisi aliokuwa akiutunza Machibya ulikuwa wa udongo mwekundu, chini ya mawe makubwa ya Mwanza, mahali ambapo upepo wa ziwa hauna adabu. Kila asubuhi aliufagia, akaumwagilia, akachora upya kwa chokaa mistari tisa na vialama viwili vya katikati. Miaka kumi na tisa. Na kila mstari aliupa jina la mwanamume mmoja aliyewahi kuwa namba moja wa tenisi duniani, tangu orodha ilipoanza mwaka sabini na tatu. Majina hayo aliyaokota katika magazeti ya Kizungu ambayo wanachama wa klabu waliyaacha vitini. Alianza na Nastase, mstari wa nyuma upande wa ziwani, akamalizia na Sampras kwenye kialama cha mwisho, akiyanong'ona kama mtu anayesali rozari. Kufikia mwaka ule wa tisini na nne majina yalikuwa kumi na moja barabara, sawa na alama zake, na Machibya aliona ni Mungu mwenyewe aliyeyalinganisha.

Hakuwa mtu wa kujitapa. Ila siku moja Umang, katibu wa klabu, kijana wa duka la vitambaa la mtaa wa Mirongo, aliwauliza wenzake nani alimtangulia Edberg kwenye orodha hiyo. Wakabahatisha, wakakosa. Machibya akajibu akiwa ameinama na ufagio wake: "Wiranda, Bwana Umang." Umang akacheka kwa furaha, akamnunulia soda. Habari ikaenea.

Ndipo klabu ikapata wamiliki wapya. Siku hizo neno lililotembea Mwanza nzima, viwandani na bandarini, lilikuwa moja: kupunguzwa kazini. Meneja mpya, Alexander Chenge, mzaliwa wa Kisesa, Msukuma kama Machibya, alisema uwanja unahitaji mtu mmoja, si wawili. Wa pili alikuwa Kashindye, shemeji yake Chenge, aliyefika mwaka jana na hata kunyoosha kamba ya kuchorea hajui. Atakayebaki, anabaki na kazi na chumba cha uani. Ndani ya chumba hicho Machibya na mkewe Modesta walizaa watoto wanne, wakafiwa na mmoja.

"Nasikia wewe ni profesa," Chenge alimwambia, bila salamu. "Jumamosi wanachama wanapimana kumbukumbu. Taja wote kumi na moja, kazi yako. Ukikosa mmoja, ya Kashindye. Tusije tukaambiwa tumependelea."

Jumamosi mchana wanachama walijaribu mmoja mmoja, na hakuna aliyevuka wanane. Kisha Machibya akaitwa, chokaa mikononi. Modesta alisimama nje ya uzio wa wavu, midomo ikimcheza kwa sala.

"Haya, Ngosha!" Chenge akamwita kama Wasukuma wote waitwavyo kwa utani, akasukuma kreti la soda kwa mguu. "Panda uonekane."

Akapanda, akafumba macho, akauona uwanja. "Nastase."

"Sahihi," alisema Umang, aliyeshika gazeti lenye orodha.

"Nyukombe. Konasi. Bogi."

"Sahihi zote."

"Makenlo."

Kicheko kikalipuka. "Makenlo! Huyo si ndiye anauza dagaa Mwaloni?"

"Sahihi," Umang akatabasamu.

"Rendo. Wiranda. Edibagi. Beka."

Tisa. Vicheko vikapungua. Mtu mmoja akasema, "Jamani, mzee anajua kweli." Hapo Chenge akasogea karibu na kreti.

"Wa kumi!"

Wa kumi alikuwa Courier, Mmarekani. Wanachama walimwita Kuria. Machibya alilijua jina hilo kama kiganja chake. Lakini ulimi uliolelewa kwa Kisukuma una njia zake, r na l hubadilishana, na ukiingiwa na hofu hauongozeki.

"Kulia," akasema.

"Kulia?" Chenge akageukia watu. "Kulia upande, au kulia machozi?"

Watu wakashika mbavu.

"Kulia, bwana meneja. Yule wa Malekani."

"Basi lia tukuone!"

"Lia! Lia! Lia!" Wakapiga makofi kwa mpigo mmoja, na sauti ya Chenge ilizidi zote, yeye ambaye kwao Kisesa mama yake humwita Arekizanda hadi leo.

Machibya akafumbua macho. "Bwana Umang, wewe unanielewa. Siku zote unanielewa."

Umang akalitazama gazeti, akamtazama meneja, akawatazama rafiki zake wanaofuta machozi ya kicheko.

"Mimi nafuata ninachosikia, mzee," akasema. "Kulia hayumo."

"Samplasi!" Machibya akapaza jina la mwisho, lakini makofi yalilimeza. Chenge alikuwa amekwisha kuunyanyua juu mkono wa Kashindye, ambaye hakuulizwa jina hata moja.

Waliambiwa watoe vyombo siku hiyo hiyo, jua likiwa bado juu. Umang alipita uani akielekea kwenye gari lake, akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Ungejitahidi kidogo tu na ile herufi."

Machibya akaendelea kupanga sufuria ndani ya gunia. Umang akaenda zake. Modesta alikuwa akifunga godoro kwa kamba.

"Kweli uliyajua yote?" akamwuliza mumewe.

"Yote."

Modesta akakaza fundo. "Haya. Shika huko miguuni, kitanda kimekwama mlangoni."