Mkoba wa Kamera Nilioukumbatia Hadi Geita

Niliondoka Shinyanga kwa sababu ya uso wa marehemu mke wangu. Miaka ile ya sabini nilikuwa na studio karibu na stendi, na karibu nusu ya mji ilikwishapita mbele ya kamera yangu: maharusi, wanafunzi, wakulima wa pamba waliovaa saa za kuazima. Mke wangu mwenyewe, Kabula, sikuwahi kumpiga picha ya maana. Kila aliponikumbusha nilimjibu, "Wewe si upo?" Masika yale akafa kwa homa, na picha niliyobaki nayo ni ya harusi ya jirani, yeye yuko nyuma kabisa, kageuza kichwa.

Ndugu zake walikuwa wakisema kwamba Kabula na dada yake, Nkwimba, aliyeolewa upande wa Geita, ni sura moja. Nikakata shauri niende nikampige picha huyo dada, angalau nirudi na uso wa kuutazama.

Safari ilihitaji mkoba. Fundi viatu wa sokoni alinitolea mitatu. Wa kwanza ulikuwa sanduku la bati, na humo kamera ingegongwagongwa hadi lenzi ipasuke. Wa pili ulikuwa wa turubai, mwepisi, lakini vumbi la mbugani lingepenya kwenye mishono. Wa tatu ulikuwa wa ngozi ya ng'ombe, mfuniko umeshuka hadi chini, ndani kitambaa laini na vijumba vya kuwekea filamu. Mkanda wake ulipitishwa kichwani ukakata kifua, umeshonwa moja kwa moja, hauna kifungo wala kishikio.

"Mwizi akiutaka huu," fundi alisema, "itabidi akubebe na wewe."

Tukacheka, nikauvaa. Nilikuwa na hakika nimechagua vizuri kuliko wapiga picha wote wa mkoa.

Tinde, saa nne asubuhi, basi lilisimama ili watu wapate chakula. Mama wa hotelini akanyoosha mikono: "Lete mzigo, baba, upumzike." Nikamwambia hauna uzito. Akajipangusa mikono kwenye kanga, akaniletea chai, kisha akaenda kuzungumza na abiria wengine. Nilikunywa peke yangu, mkoba mapajani.

Jioni nilifika Kahama kwa Shija, mfanyabiashara wa mpunga niliyewahi kumpiga picha za harusi. Mkewe, Mama Limi, alitoka mbio, akapiga goti, akanyoosha mikono yote miwili. Kwetu Usukumani mgeni hupokelewa mzigo hata kabla salamu hazijaisha. Nimezaliwa nalijua hilo.

"Acha tu, Mama Limi," nikasema, "mna vitu vya kuvunjika humu."

Mikono yake ikarudi mitupu. Tulipokwisha kula, Shija akaniuliza, "Unaondoka leo leo?"

"Hapana, nalala hapa."

"Ahaa. Nilidhani unapita tu."

Sikulitilia maanani neno lake. Nililala na mkoba ubavuni, upande ambao zamani alilala Kabula.

Kesho yake nilipata lori la pamba kupitia Ushirombo. Vumbi lilikuwa jekundu, limetanda hadi nyusi za dereva zikabadilika rangi. Tuliposimama kuweka maji kwenye rejeta nilifungua mkoba: ndani hamkuwa na chembe hata moja! Nikageuka nimwonyeshe mtu. Pembeni yangu palikuwa na magunia tu. Hapo upweke ukanishika barabara, mchana kweupe, na sina wa kumlaumu.

Siku ya tatu, asubuhi, lori liliniacha njia panda, nikatembea. Njia ilipita kwenye mashimo ya wachimbaji wa dhahabu. Walikuwa wakiimba huku wakivuta udongo kwa kamba. Waliponiona, wimbo ukakatika.

"Mzee, unanunua dhahabu?" mmoja akauliza.

"Mimi mpiga picha."

"Mpiga picha gani anakumbatia begi namna hiyo?" Wenzake wakacheka kidogo, lakini hawakuimba tena hadi nilipopotea machoni.

Nyumbani kwa Nkwimba nilimkuta uani anabangua karanga. Alipoinua kichwa, nilimwona Kabula. Paji lile lile, kidevu kile kile. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anakuja, mikono yote miwili mbele. Nami, kwa mazoea, nikarudi nyuma hatua moja na kuushika mkoba.

"Acha tu, shemeji."

Akasimama. "Umekuja kufanya nini?"

"Kukupiga picha. Wanasema umefanana naye."

Akashusha mikono yake. Kisha akasema, bila hasira, "Kabula aliniambia. Alisema, mume wangu ni mtu mwema, lakini akirudi jioni hana kitu anachonipa nimpokee. Nikinyoosha mkono nipokee kamera ananiambia una mafuta, usiguse."

Ni kweli. Nilimwambia hivyo miaka yote, hadi akaacha kutoka mlangoni kunipokea. Nililia pale uani mbele ya mke wa watu, na sikuona aibu.

Nikajaribu kuuvua mkoba. Mkanda ukakwama sikioni, kofia ikaanguka kwenye karanga, nikawa nazunguka pale mithili ya ndama aliyenaswa kamba. Nkwimba akacheka. Kicheko kile nilikijua. Akaninasua, akaupokea mkoba kwa mikono miwili, akaupeleka ndani na kuuweka kando ya mtungi wa maji. "Wabeja," nikamwambia, yaani asante. Sikuenda kuutazama hadi asubuhi.

Kulipokucha nilimpiga picha, amekaa kwenye kigoda, mkoba mtupu mapajani mwake. Nilipomtazama ndani ya kamera sikumwona Kabula. Nilimwona Nkwimba, ana kovu dogo juu ya jicho, na uchovu wake mwenyewe. Niliumia, lakini nilibonyeza. Picha ile ni yake, na nakala nilimtumia.

Wakati wa kurudi nilikuwa nikiuvua mkoba kabla sijafika mlango wa mtu. Kahama, Mama Limi aliupokea akakaribia kuuangusha, nikamwacha auingize ndani, na usiku ule Shija hakuniuliza naondoka lini. Tinde nilikunywa chai na watu.

Shinyanga nilipitia kwanza kwa fundi, nikamwomba aweke kishikio, kipana, cha kutosha mikono miwili.

"Mwizi atauvuta," akaonya.

"Na avute."

Basi, ukichagua mkoba wa kamera, utazame vumbi, utazame mvua, lakini tazama pia unavyovulika. Mimi nilitazama vumbi peke yake.

Nilifika kwangu saa kumi na moja jioni. Nikafungua mlango, nikasimama kizingitini, mkoba nimeunyoosha mbele kwa kishikio chake kipya. Nilisimama hivyo hadi mikono ikachoka. Kisha nikauweka mwenyewe juu ya kiti cha Kabula.