Maneno ya Mwalimu Hardayal Kwenye Mawe

Roshila hakuomba kazi ya kuchora ramani ya uwanja wa kumuenzi Mwalimu Hardayal, alipangiwa. Ofisi yetu ya baraza, katika mji wa miwa kaskazini mwa Fiji, ilikuwa na wachoraji ramani wawili tu, yeye na mimi, na mimi nilikuwa nimevunjika mkono.

Mwalimu alipata sifa kwa kitabu alichoandika juu ya mji wetu, kisha akahamia ng'ambo, Auckland. Wengi waliokisifu hawakukisoma. Roshila alikisoma akiwa darasa la saba, baada ya wenzake kumcheka. Ukurasa mzima ulikuwa juu ya mama yake, Phulmati, muuza biringani sokoni. Alitajwa kwa jina, mguu wake uliopinda ukafananishwa na wa bata, ikadaiwa kwamba anauza na mengine zaidi ya biringani. Mwaka uleule baba yake Roshila alifunga virago, wala hakurudi.

Wakubwa walitaka miti ya kivuli, mabenchi, na maneno ya mwandishi yachongwe kwenye mawe. Walitia sahihi mchoro wa Roshila bila kuuliza maneno gani. Nilipoyaona mezani pake, nilimwuliza kama amefikiri vizuri.

"Nimefikiri miaka thelathini," akasema, akaendelea kupiga mstari.

Siku ya ufunguzi Mwalimu alirudi kutoka Auckland, akavishwa shada la maua. Akazunguka akitabasamu mpaka benchi la katikati, ambapo ukurasa ule ulichongwa kwenye mawe ya chini, neno kwa neno. Roshila alikuwa amemleta mama yake mapema, akamketisha hapo, fimbo magotini.

"Mwalimu, mimi shule sikwenda," Phulmati akasema taratibu. "Hebu nisomee hapa."

Watu wakasogea. Mwalimu akasoma mistari mitatu, akaishia hapo.

"Endelea, baba. Bado hujafika kwenye mguu."

Akasoma mpaka mwisho. Hakuna aliyepiga makofi.

"Umeandika vizuri," Phulmati akamwambia. "Hata mume wangu aliamini."

Roshila alihamishiwa idara ya mitaro. Mawe hayajang'olewa, maana mwenyekiti wa baraza angelazimika kueleza sababu. Nilimwuliza kama sasa moyo umepoa. Akasema haujapoa, ila chakula cha mchana siku hizi anakilia uwanjani, akiwatazama watu wanavyoinama kusoma.