Mbinzo za Madamu Mapendo

Mapendo alikula viwavi kabla hajajua kutembea. Kwao Walikale, msimu ukifika, miti hujaa mbinzo, kama wengi kule wanavyoviita, na mama mwenye akili haachi kitu kinono hivyo kikaipita sufuria yake. Ndiyo maana, alipokuwa akifundisha watoto wadogo katika shule ya parokia ya Kalembe na kuwaambia kwamba kiwavi kikiachwa hugeuka kipepeo, alijiingiza pabaya. Nishimwe, binti wa wakulima wa mlimani, mtoto mwenye macho ya hakimu, akamuuliza:

"Madamu, weye ulishaka kuiona?"

Jambo hilo Mapendo alilisoma kitabuni alipokuwa akisomea ualimu. Kuona, hakuwahi. Angeonaje? Kila kiwavi alichokutana nacho maishani kiliishia kwenye mawese.

"Siyaona," alisema. "Tutaona pamoja."

Huyo ndiye Mapendo. Walimu wengine humaliza somo la majani ubaoni. Yeye huwatoa watoto nje wakayanuse, wakayasage juu ya jiwe, wapate rangi ya kijani. Rangi nyekundu huichota kwenye udongo wa kando ya barabara, nyeusi huitoa jikoni kwenye mkaa. Darasani kwake huwezi kukaa na shati jeupe. Mwanzoni wazazi walilalamika kwamba wanapeleka watoto kusoma, wanarudishiwa wafyatua matofali. Yeye huwajibu kwa kucheka, maana ni mtu wa kucheka na hapendi ugomvi. Tatizo lake ndilo hilo: hapendi ugomvi hata pale unapohitajika.

Basi akaleta viwavi kutoka msituni, vinene, vyeusi, vyenye madoa ya njano. Akatia udongo ndani ya beseni, akasimika humo matawi yenye majani, akafunika kwa kipande cha chandarua. Kila asubuhi watoto walivichora kwa mkaa, na kila asubuhi ilibidi wavichore vikubwa zaidi.

Ijumaa moja mvua ilivuja darasani, naye akalihamishia beseni jikoni kwa Mama Euphrasie, mpikaji wa uji wa shule. Hao wawili walikuwa majirani na marafiki wa chanda na pete. Mapendo alipofika Kalembe bila hata kijiko, Mama Euphrasie ndiye aliyempokea. Jumatatu watoto walikuta beseni tupu na sahani imejaa.

"Nilizipika," alisema Mama Euphrasie, kwa furaha ya mtu aliyetenda wema. "Zilianza kukonda. Nikasema, Mapendo amezisahau."

Ukweli usemwe: nani anafuga mbinzo ili azitazame? Mapendo alicheka mpaka akashika ukuta, kisha wakala wote. Hata Nishimwe, ambaye kwao mlimani hawagusi wadudu, alionja, akaonja tena.

Mapendo akaleta viwavi vingine. Mama Euphrasie aliapa kutovigusa hata njaa ikimuua. Vikala, vikanenepa, na watoto wakavipa majina. Halafu asubuhi moja havikuwepo. Majani yalibaki yametafunwa nusu, chandarua kimefungwa vilevile.

"Madamu," Nishimwe alisema, "Mama Euphrasie amekula tena."

Darasa zima likaitikia. Mchovya asali hachovyi mara moja. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza. Mama Euphrasie alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya uji, amesikia kila neno.

"Siyagusa hata moja," alisema. "Mapendo, unanijua. Waambie watoto."

Mapendo alitazama beseni, akamtazama rafiki yake, na hakusema kitu. Shaka ilimpitia usoni, ya kitambo kidogo tu, lakini ilionekana. Mama Euphrasie aliweka ndoo chini, akakaza kitenge chake, akaenda zake nyumbani.

Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Watoto walishinda bila uji, wakawa wakali. Mapendo alipopita kwenye ua wa jirani yake alisalimu, asijibiwe. Iliuma. Alilala vibaya, akaamka vibaya, na kicheko chake kikapotea. Mara kadhaa alijiambia ataingia kuomba msamaha, lakini aombe msamaha vipi na moyoni bado hajui nani amekula?

Siku ya rangi ilipofika, mvua iliwazuia kutoka nje kuchota udongo. Nishimwe, asiyependa kungoja, alitia mkono ndani ya lile beseni.

"Madamu, hii haragi inacheza."

Kiganjani mwake palikuwa na kitu cha kahawia, kigumu, kikubwa kuliko harage lolote, kikijinyonganyonga mkiani. Mapendo alifukua kwa vidole. Viwavi vilikuwepo vyote. Vilikuwa vimejichimbia vyenyewe, vikavua ngozi zao za zamani. Aibu ilimfika kabla ya furaha.

Hapo hapo akabeba beseni, watoto wakamfuata kwenye manyunyu, mpaka kwa Mama Euphrasie aliyekuwa akiambua maharagwe mlangoni.

"Mama Euphrasie, mbinzo ziko humu, zote. Ulikuwa na haki, na miye nilinyamaza. Unisamehe."

Mama Euphrasie aliokota kimoja, akakigeuza. "Hii njo mbinzo?"

"Zimejifungia. Kitabu kinasema zitatoka na mabawa."

"Watoto wananiita mwizi, unanyamaza, halafu unaniletea mbegu." Alikirudisha kile kimoja kwenye udongo. "Acha beseni hapa. Zikipotea tena, tutajua nani anakulaka."

Kesho yake alirudi kupika uji. Watoto aliwasamehe mara moja. Kwa Mapendo alikuwa na salamu za kazi tu, habari ya maji na kuni, na wiki zikapita hivyo.

Kisha, asubuhi moja, Mama Euphrasie alikuja barabarani akilikumbatia lile beseni kifuani, akitembea taratibu kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Akaliweka katikati ya mkeka wa darasani. Juu ya tawi alitua nondo, ndugu yake kipepeo, mkubwa kuliko kiganja cha Nishimwe, wa kahawia, mwenye duara kama jicho kwenye kila bawa, bado mbichi, akitetemeka.

"Ilitoka wakati naamsha moto," Mama Euphrasie alimwambia Mapendo. "Nikaangalia mpaka maji ikakauka mu sufuria. Nilikuwa na hasira na weye, lakini kuiona peke yangu haikunipendeza."

Mapendo alilia mbele ya darasa lake, wala hakuona haya. Mama Euphrasie akaketi kati ya watoto, akamsogezea nafasi kwenye mkeka.