Siku Chacha Alipoachia Kafi

Harufu ya jiwe lililosagwa likiwa bado bichi naijua mpaka leo. Ni kama harufu ya mvua iliyochanganyika na mafuta ya mashine, na ukikaa nayo muda mrefu unaisikia hata kwenye ugali. Sisi watoto wa Kerende tulikua ndani ya harufu hiyo, wakati ule dhahabu ilipovuta watu kama siafu. Ilikuwa kabla ya uhuru. Wazungu walikuwa wamefungua mgodi mlimani, na chini yake wakazuia kijito, wakafanya bwawa la maji ya kuoshea mchanga. Mashine ilipiga mchana na usiku, du, du, du, mpaka kuku wetu wakaacha kushtuka. Walikuja Wajaluo kutoka ng'ambo ya mpaka, wakaja Waganda, Wasukuma, na watu wa Nyasa, wakajenga vibanda vya nyasi hadi ukingoni mwa shamba letu la mtama. Baba alikuwa akisema ardhi imeshikwa na homa. Mimi jina langu ni Nyangi. Shule niliionja tu, nikatolewa nikachunge ndama, lakini majina ya watu sijasahau hata moja, na hawa nitakaowataja wote wamekwisha kufa.

Kwa mama yetu tulikuwa watatu: Chacha mkubwa, Bhoke akimfuata, halafu mimi. Kwa desturi yetu Wakurya, kaka na dada hufungwa pamoja. Ng'ombe wanaokuja dada anapoolewa ndio kaka anaowapeleka kuolea. Bhoke alikuwa dada wa Chacha kwa namna hiyo, na Chacha alikuwa ameshaposa. Alimposa Ghati, binti wa mama mmoja mwenye sauti kubwa aliyeitwa Mugesi, wa upande wa pili wa kijito. Ng'ombe hatukuwa nao, ugonjwa ulikuwa umepita ukalifagia zizi letu, ukaacha ndama wachache tu. Basi akatokea Mzee Matiko kutoka Nyamwaga, mwenye ng'ombe wengi na wake wengi, na mkono mwepesi wa kupiga. Mke wake mdogo aliwahi kukimbilia kwao na mkono umevunjika, wakamrudisha ungali umefungwa vijiti. Huyo ndiye aliyemtaka Bhoke. Siku alipokuja na wenzake kunywa pombe kwa baba, Bhoke aliingia kwenye migomba akajilaza chini kati ya majani makavu, na nilipompelekea uji alinishika kanga asiniache niondoke. Hakulia. Aliniuliza tu, "Nyangi, ana meno yule?" Nikamwambia anayo machache. Akacheka.

Sasa mwaka huo mkubwa wa mgodi, mzungu ambaye vibarua walimwita Bwana Kofia, alitangaza michezo. Migodi ya Kenya ilete watu, ya Uganda ilete watu, na ya huku Tanganyika pia. Kulikuwa na mbio, kuruka juu, kuvuta kamba, kutupa tufe. Lakini mchezo alioupenda yeye ulikuwa wa majini. Alikuwa ameleta vimashua vyembamba kama ganda la haragwe, kila kimoja cha mtu mmoja. Unaketi ndani umenyoosha miguu, unashika kafi lenye bapa huku na huku, unapiga kulia, unapiga kushoto, moja kwa moja hadi ng'ambo, hakuna kupumzika. Atakayeshinda huo atapewa ng'ombe wa kutosha kuolea mke. Sisi ni watu wa ng'ombe, maji tunayajua ya kunywa na ya kunyweshea mifugo. Hata hivyo Chacha alikuwa kibarua wa bwawani, kazi yake kuosha vile vimashua, akaomba ajaribu. Siku ya kwanza alipinduka kabla hajaketi vizuri. Vibarua walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

"Chacha, mzungu amekupa jeneza la kuogelea!"

"Mwacheni, anamtafuta ng'ombe wake huko chini!"

Alitoka, akatema maji, akaingia tena. Aliendelea hivyo msimu mzima wa kiangazi. Alfajiri kabla ya kazi nilimsindikiza na ndama zangu, nikikaa kwenye nyasi zenye umande namwangalia. Polepole kile kimashua kikaacha kumtupa. Kikaanza kwenda kama nyoka anayevuka maji, kichwa juu, bila kelele, na wale waliocheka wakawa wanakuja kutazama wakiwa wamefunga mikono. Jioni moja Chacha alimwendea baba, akachuchumaa mbele yake, akasema, "Baba, nikipata ng'ombe hawa, mwache Bhoke akae hadi aje kijana anayemtaka." Baba alivuta kiko chake. Akajibu, "Ng'ombe wakija kwa kafi, mtoto atakaa. Wasipokuja, Matiko atakuja." Bhoke alikuwa nyuma ya ukuta anapepeta ulezi. Niliona ungo umesimama mikononi mwake.

Siku ya michezo mlima wote ulikuwa umejaa watu. Bendera zilifungwa kwenye miti mirefu, bendi ya askari ilipiga tarumbeta, na akina mama waliuza togwa na ndizi za kuchoma. Wapiga kafi walipewa kaptula tu, shati walikatazwa kwa kuwa likilowa linavuta mikono. Wanaume wa kila nchi walipangwa mstari mmoja majini, nami nilikuwa mwisho wa safari, kwenye ukingo wa mawe walipowekwa wazee na wageni, mkono wangu ndani ya mkono wa Bhoke. Bunduki ikalia. Mbele akatoka Okello, Mjaluo wa mgodi wa Kenya, mtu aliyezaliwa ziwani. Wenzake wakaanza kuimba. Lakini katikati ya bwawa Chacha akamkaribia, akamfikia, akampita. Bhoke alinibana vidole mpaka nikahisi mfupa. "Anakuja," alikuwa akisema. "Nyangi, anakuja. Anakuja kwangu."

Hapa inabidi nieleze, maana vijana wa leo hawataelewa. Kwetu, tangu siku mtu anapoposa, yeye na mama mkwe wake hawaonani ovyo. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Hawali pamoja, hawaitani jina. Na mwanamume kuonwa na mkwewe akiwa kifua wazi ni soni kubwa ambayo watu waliamini inaweza kuleta utasa na vifo vya watoto. Mugesi alijua hayo yote. Lakini alimpenda Chacha kama mwanawe, na alitamani kumwona akishinda. Akajifunika blanketi hadi machoni, akajipenyeza kati ya wageni akidhani hatajulikana. Chacha alipokuwa amebakiza mapigo machache kufika, furaha ikamzidi mama huyu. Blanketi likaanguka, akakimbia hadi majini, akapiga kigelegele. Na sauti ya Mugesi ilijulikana vijiji vyote.

Chacha aliinua macho, wakatazamana. Nilimwona kaka yangu akiachia kafi. Aliliachia kabisa, akavuka mikono kifuani kujifunika, akainamisha kichwa mpaka paji likagusa magoti. Kimashua kikageuka ubavu, kikasimama. Bhoke alipiga ukelele, "Chacha, piga! Piga kwa mikono!" Watu wa kwetu walikuwa wameangalia chini, kwa sababu kila mmoja alijua Chacha amefanya vema. Okello akapita kando yake, na hata yeye aligeuka kumtazama kwa mshangao.

Bwana Kofia alishuka akiwa mwekundu. Karani wake, mtu wa mbali asiyejua mila zetu, akauliza, "Bwana anasema, umeumwa na nini?" Chacha alikuwa bado amejifunika. Baba ndiye aliyesema, "Mwambie mama mkwe wake alikuwepo." Karani akatafsiri. Wazungu wakatazamana, kisha wakacheka, na waliocheka zaidi ni wake zao. Okello akapewa ng'ombe, wakavuka mpaka jioni hiyohiyo.

Wazee walichinja mbuzi kuondoa ile soni kati ya Chacha na mkwewe. Walishughulika sana na jambo hilo, walikaa wakaongea hadi jua likazama. Kwa ajili ya Bhoke hakuna aliyekaa. Matiko alikuja baada ya mavuno. Asubuhi ya kuondoka Bhoke alisimama mbele ya Chacha, akamwambia polepole, bila hasira, "Ungemwacha akuone. Angekuona, halafu basi." Chacha alimwoa Ghati kwa ng'ombe wa Matiko, na kila asubuhi alipokwenda kuwakamua wale wachache waliobaki zizini alikuwa akigeuza uso pembeni. Maziwa yao hakuyanywa hadi kufa kwake. Bhoke hakumaliza mwaka wa pili huko Nyamwaga. Walituambia ni uzazi. Mama yetu, aliyemwosha kabla ya kuzikwa, alirudi nyumbani akakaa siku nyingi bila kutuambia alichokiona, na hakutuambia kamwe.

Sasa nimezeeka. Bwawa lilifukiwa kwa vifusi vya migodi iliyokuja baadaye, na ng'ombe wanapita juu yake. Mwezi uliopita binti yangu wa mwisho alikuja kunisalimu kutoka Bomani na mume wake, kijana mzuri, ana duka la simu. Kulikuwa na joto. Mkwe huyo akanipa shikamoo, akavua shati, akaketi kwenye kochi langu na fulana ya ndani iliyoonyesha kifua chote, akaniambia, "Mama, naomba maji ya kunywa." Nikampa kwa mkono wangu. Nilisimama pale nikaitafuta ile soni ndani yangu, nikaitafuta kwa bidii, kwa sababu kama ingekuwepo hata kidogo, basi Bhoke hakwenda kwa Matiko bure. Sikuipata. Kijana alikunywa, akashukuru, akaomba tena.