Mama Mkwe wa Siku Kumi na Moja

Kwetu Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na akishapewa, basi, huyo mtoto ndiye yeye. Kwa hivyo nilipojifungua binti, enzi zile za kadi za simu za kukwaruza, mama mkwe alitoka Kabete akaja kwetu Muthangari na thamosi ya uji, akanikumbatia, akaniita "mama." Mama, mimi! Mwanamke aliyekuwa akinifokea kwamba nakata mboga ya sukuma wiki nene kama ya ng'ombe.

Siku ya kumi na moja mtoto akakataa titi. Mwili moto, mikono imelegea. Hospitalini wakasema ana bakteria kwenye damu, wakaanza kumdunga dawa. Siku mbili, joto halishuki. Wakabadilisha dawa. Wapi! Daktari, mama mmoja mpole, akaniketisha akanieleza kwamba wadudu hao wamezoea dawa, haziwatishi tena. Imebaki moja ya kujaribu.

"Na hiyo nayo ikikataa?" nikauliza.

Akanishika bega. Nikamgeukia mama mkwe, aliyekuwa amempakata mtoto kando yetu.

Mama mkwe akasonya. "Mimi? Nife na wiki mbili? Na sijaonja hata githeri?"

Nilicheka huku machozi yananitoka. Ndivyo alivyokuwa bibi huyo, Mungu amweke pema.

Muuguzi akafanya kosa la kumwambia kwamba wadudu hao husafiri kwa mikono ya watu. Ala! Tangu hapo mama mkwe akawa askari. Akina mama wa kanisa wakaja na chupa zao za uji, kila mmoja akitaka kumbeba mtoto, kama ilivyo desturi. Aliwazuia mlangoni.

"Hakuna mtu ananishika. Uji wacheni, mikono rudini nayo."

Mume wangu, mwanawe wa kumzaa, alinawa akaambiwa arudie, eti hiyo ni kunyunyiza. Daktari naye hakusazwa.

"Daktari, samahani, umenawa? Maanake mgonjwa ni mimi."

Daktari akarudi kwenye sinki, anacheka.

Siku ya tatu ya ile dawa ya mwisho, mchana, nilikuwa nimesinzia kwenye kiti. Nikasikia kilio. Si kile cha kukwaruza cha siku zote, la. Kilio cha hasira, cha mtu aliyecheleweshewa chakula. Muuguzi akampima mtoto joto, akatabasamu.

Nilimtazama mama mkwe. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya mumewe. Sasa kilemba kilikuwa kimemteleza na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, wala hajipangusi.

"Mama," akaniambia, "nina njaa. Si uninyonyeshe?"

Nikanyoosha mikono yote miwili nimchukue mtoto. Akanitilia sabuni viganjani.